Mwenye Nyumba ya Wageni

Neno juu ya kuwafunza wauguzi wa wagonjwa wasiopona



Mfano wa Msamaria mwema twaujua sote. Umeandikwa katika Injili ya Luka, sura ya 10, na watoto wetu wa shule ya Jumapili waweza kuusimulia bila kufungua kitabu. Lakini yuko mtu mmoja katika mfano ule ambaye sisi wahubiri twampita upesi, kama vile kuhani alivyompita yule majeruhi njiani. Mtu huyo ni mwenye nyumba ya wageni. Hakutajwa jina, wala halikuandikwa neno lake hata moja. Msamaria alilala pale usiku mmoja, na kesho yake akashika njia. Mwenye nyumba akabaki na mgonjwa mikononi mwake.

Tena angalieni jambo lingine. Bwana Yesu hakutuambia kwamba majeruhi yule alipona. Huenda alipona, huenda alibaki kiwete maisha yake yote. Mwenye nyumba hakuagizwa kumponya. Aliagizwa kumwangalia mpaka Msamaria atakaporudi. Basi mwezi huu twapenda kunena juu ya watu wenye kazi ya mwenye nyumba ya wageni, yaani wauguzi waliofunzwa kuwaangalia wagonjwa ambao matabibu hawana dawa ya kuwaponya. Na kwa nini kazi hiyo yatuhusu sisi wa sharika za pwani.

Kwanza hatuna budi kuungama kosa letu wenyewe.

Hapa Mapinga, kando ya barabara iendayo Bagamoyo, watu wengi wamehamia kutoka Dar es Salaam kutafuta viwanja. Miongoni mwao alikuwako mama mmoja mwenye mtoto wa kiume. Mtoto yule alitembea kama wenzake, lakini alipofika miaka mitano akaanza kuanguka ovyo. Alipotaka kuinuka, alishika magoti yake kwa mikono, akajipandisha kidogo kidogo, kama mtu apandaye ngazi juu ya mwili wake mwenyewe. Alipokuwa na miaka kumi na mmoja hakuweza kutembea tena. Majirani wakanong’ona kwamba amelogwa. Wengine wakasema mama ana dhambi iliyofichika.

Sisi tulikwenda, wazee wa kanisa pamoja na mwinjilisti. Tuliimba, tukaomba kwa nguvu, tukaacha fedha kidogo na kilo chache za unga. Tulirudi mara ya pili, tukaomba tena. Mara ya tatu hatukwenda. Si kwamba tulimchukia mtoto. Twasema kweli mbele za Mungu, tuliona haya. Tulikuwa tumeomba apone, naye alizidi kudhoofika, wala hatukujua tufanye nini tena. Tukaanza kupita njia ya upande wa pili, ili tusionane na mama yake. Ndugu, siku zote tulidhani kuhani na Mlawi walikuwa watu wenye moyo mgumu. Labda walikuwa watu kama sisi, wasiojua la kufanya, wakaogopa kusimama.

Baadaye akaja muuguzi mmoja aliyefunzwa kazi hii. Hakuja na dawa ya kuponya, na siku ya kwanza alimwambia mama yule waziwazi kwamba ugonjwa huu ni wa kudhoofika kwa misuli, uitwao kwa jina la Duchenne, tabibu wa Ufaransa. Kwamba watoto wa kiume ndio wanaoupata hasa. Kwamba chanzo chake ni kasoro katika vinasaba, wala si uchawi wala laana. Mama alilia. Kisha muuguzi akakunja mikono ya nguo yake, akaanza kazi. Alimfundisha mama kumgeuza mtoto usiku, ili ngozi isioze kwa kulala upande mmoja. Kuinyosha miguu yake kila siku polepole, ili viungo visikakamae. Kumkalisha wima anapokunywa uji, ili usiingie mapafuni. Na kumsaidia kukohoa kifua kinapojaa. Tena alipoagana naye alimtajia siku atakayorudi, na siku hiyo alirudi.

Mtoto yule alifariki akiwa na miaka kumi na saba. Sisi ndio tuliomzika. Wanawake waliomwosha walituambia neno ambalo hatujalisahau: katika mwili wake wote, baada ya miaka sita ya kulala na kukaa, hapakuwa na kidonda hata kimoja. Na mama yake akatuambia neno la pili, bila hasira, nalo lilituchoma zaidi: “Ninyi mlimwombea, baba zangu, nami nawashukuru. Lakini yule dada alirudi.”

Sasa wengine watauliza, Je! wagonjwa wa namna hii si wachache sana? Katika nchi za Ulaya ugonjwa huitwa adimu ukiwapata watu wasiozidi 5 katika kila 10,000. Lakini maradhi hayo, kila moja likiwa na watu wachache, kwa jumla ni zaidi ya 6,000, na watu walio nayo duniani wakadiriwa kuwa milioni 300. Mengi huzaliwa na mtu, na yaliyo mengi hayana dawa ya kuponya. Tangu mwaka 2008 iko siku ya kuwakumbuka watu hao, nayo ni siku ya mwisho ya mwezi wa Februari. Mara ya kwanza iliangukia tarehe 29, siku ambayo yenyewe ni adimu.

Tena yaliyo adimu kwa wengine si lazima yawe adimu kwetu. Ugonjwa wa selimundu ni wa nadra kwa watu wengi wa Ulaya. Lakini Tanzania yakadiriwa kwamba watoto wapatao 11,000 huzaliwa nao kila mwaka. Watu wenye ualbino katika Ulaya ni mmoja katika watu elfu nyingi. Kwetu wakadiriwa kuwa mmoja katika kila 1,400. Ualbino wenyewe hauui mtu. Jua ndilo liwaualo kwa saratani ya ngozi, ikiwa hakuna aliyewafundisha kujikinga. Basi anayesema, “Hao ni wachache,” na azunguke kwanza katika mtaa wake, nyumba kwa nyumba, aingie mpaka vyumba vya ndani. Maana wengi wa hao hawaonekani ibadani, wamefichwa.

Turudi kwenye mfano. Msamaria hakummiminia majeruhi kitu chochote alichookota njiani. Alimimina mafuta na divai. Kwa desturi ya siku zile divai ilisafisha kidonda, na mafuta yaliutuliza uchungu. Kumbe alikuwa na moyo wa huruma, tena alikuwa na maarifa. Huruma isiyo na maarifa yaweza kuumiza.

Twatoa mfano mmoja. Wako watoto wanaozaliwa na ngozi dhaifu kama bawa la kipepeo. Ukimshika kwapani kumnyanyua, ngozi yachubuka. Ukimfunga kidonda kwa kitambaa cha kawaida, siku ya kukibandua ngozi yafuatana nacho. Mama ampendaye mtoto wake kuliko nafsi yake aweza kumtesa kila asubuhi bila kujua. Lakini muuguzi aliyefunzwa atamwonyesha kumnyanyua kwa kupitisha mikono chini ya mwili wake, kutumia vitambaa visivyogandamana na kidonda, na kutoboa lengelenge kwa sindano safi kabla halijaenea. Huko Uingereza mwaka 1978 mama mmoja, Phyllis Hilton, ambaye binti yake alikuwa na ugonjwa huo, alianzisha chama cha wazazi kiitwacho DEBRA, na kutokana na chama hicho wakapatikana wauguzi wenye kazi hiyo moja tu. Chanzo chake ni mama aliyechoka kuambiwa kwamba hakuna la kufanya.

Hata selimundu ni vivyo hivyo. Mama afundishwe kumpa mtoto maji mengi, kumkinga na baridi, kutolegea katika dawa ya kila siku ya kuzuia maambukizo, kupapasa tumbo upande wa kushoto ajue bandama likivimba, na kukimbilia hospitali mara homa inapopanda. Hakuna hata moja katika haya limpasalo mtu kuwa tabibu. Lakini kila moja lamtaka mwalimu.

Basi mwenye nyumba ya wageni hupatikana wapi? Hazaliwi akijua, hufunzwa. Na hapa sisi Walutheri tuna jambo la kukumbuka. Mwaka 1836 mchungaji mmoja wa Ujerumani, Theodor Fliedner, pamoja na mkewe Friederike, waliona wagonjwa maskini wanavyotupwa, wakafungua nyumba ya mashemasi wa kike katika usharika wao mdogo wa Kaiserswerth, ili wasichana wafundishwe kuuguza. Mwaka 1851 akafika huko mwanamke wa Kiingereza, Florence Nightingale, akajifunza miezi mitatu. Na mwaka 1860 shule yake ya wauguzi ikafunguliwa London. Mto mkubwa ulianzia katika kisima cha usharika mmoja usio na mali.

Katika London hiyo hiyo alitokea Cicely Saunders, aliyekuwa muuguzi kwanza, halafu tabibu, naye mwaka 1967 akafungua nyumba ya kuwaangalia watu walio karibu na kufa, iitwayo St Christopher’s. Alifundisha kwamba maumivu ya mgonjwa si ya mwili peke yake, bali ni ya nafsi, ya jamaa na ya roho pia, na mwuguzi hana budi kuyajua yote. Kazi hiyo kwa Kiswahili twaiita tiba shufaa.

Mafundisho hayo yalifika Afrika ya Mashariki. Jijini Nairobi nyumba ya namna hiyo ilianza mwaka 1990. Mwaka 1993 tabibu Anne Merriman, mzaliwa wa Liverpool, alianzisha kazi kama hiyo Kampala. Aliona kwamba waganga ni wachache na vijiji ni vingi, na kwamba dawa ya mofini, ambayo ni unga uchanganywao na maji kisha ukanyweka, yaweza kutengenezwa kwa gharama ndogo. Lakini nani ataiandika, ikiwa tabibu yuko mbali safari ya siku nzima? Mwaka 2004 sheria ya Uganda ikawaruhusu wauguzi waliofunzwa hasa tiba shufaa kuiandika wenyewe. Hapo Uganda ilizitangulia nchi nyingi zilizo tajiri kuliko yenyewe. Haikupata waganga wengi kwa siku moja. Iliwaamini wauguzi, nayo iliwaamini kwa sababu imewafunza.

Nasi hatukuachwa bila kitu. Dar es Salaam iko Taasisi ya Saratani Ocean Road, ufukoni, katika majengo ya hospitali iliyojengwa zamani za Wajerumani. Nayo huwatunza hata wale ambao ugonjwa wao umepita hatua ya kuponywa. Arusha, hospitali yetu ya Kilutheri ya Selian imekuwa na huduma ya tiba shufaa kwa zaidi ya miaka ishirini, na huduma hiyo ikaenea katika hospitali nyingine za kanisa letu. Moshi iko hospitali ya KCMC, iliyofunguliwa mwaka 1971, nayo ni ya Shirika la Msamaria Mwema. Hapo tangu mwaka 1992 kiko chuo cha magonjwa ya ngozi, kinachowafunza watumishi wa afya kutoka nchi mbalimbali za Afrika. Na hapo hapo hutengenezwa mafuta ya kuwakinga na jua wenye ualbino. Mafuta ya Msamaria, ndugu zetu, bado yanamiminwa!

Lakini mfano una dinari mbili. Mwenye nyumba hakuachiwa kazi bila gharama zake. Na hapa historia ya pwani yetu yatutahayarisha. Katika Bagamoyo aliishi Sewa Haji Paroo, mfanyabiashara aliyewaandalia wasafiri wa bara wapagazi na mahitaji yao. Alifariki mwaka 1897. Aliagiza kwamba mapato ya majengo yake yatumike kuwasaidia wagonjwa wa ukoma na maskini. Na hospitali iliyojengwa kwa mali yake Dar es Salaam ndiyo asili ya hospitali ya Muhimbili ya leo. Wakati ule ukoma haukuwa na dawa. Armauer Hansen wa Norway alikuwa amekwisha kukiona kijidudu chake mwaka 1873, lakini kukiona si kukishinda. Sewa Haji alijua kwamba fedha yake haitamponya hata mkoma mmoja, naye akaitoa. Wala hakuwa Mkristo. Alikuwa Mwislamu wa madhehebu ya Ismailia. Nani basi, katika Bagamoyo ya siku zile, alikuwa jirani yake mgonjwa? Kila msomaji na ajibu mwenyewe, kama mwanasheria alivyolazimika kujibu mbele ya Yesu.

Na leo ukoma unapona. Tangu mwaka 1981 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza dawa zichanganywe, na mgonjwa azitumiaye mpaka mwisho hupona kabisa. Basi tusiseme neno “hauponi” kama watu waliokwisha kufunga mlango. Wale waliowaosha wakoma vidonda miaka ile yote, bila kuona mmoja akipona, hawakufanya kazi ya bure. Waliushika mlango usifungwe mpaka dawa ikaja.

Yuko na mwingine aliyeacha dinari zake. Roald Dahl, mtunzi wa hadithi za watoto, alifanya kazi katika kampuni ya mafuta Dar es Salaam miaka ya 1938 na 1939. Alifariki mwaka 1990, na mwaka uliofuata mjane wake Felicity akaanzisha mfuko kwa jina lake. Mfuko huo huko Uingereza husaidia kupatikana kwa wauguzi wa watoto wenye maradhi mazito na adimu, na miongoni mwao wako wauguzi wa selimundu. Mjane mmoja ameweza hilo, je! sharika kumi haziwezi kumlipia karo kijana mmoja?

Twajua maneno yatakayosemwa. La kwanza, “Mkimfunza muuguzi kwa wagonjwa wasiopona, mmekana uweza wa Mungu wa kuponya.” Sivyo. Twaomba, wala hatutaacha kuomba. Lakini Paulo mtume aliomba mara tatu juu ya mwiba wake, nao haukuondolewa. Alipewa neema ya kuuchukua. Muuguzi mwaminifu ni mkono mmojawapo ambao neema hiyo hupitia.

La pili, “Fedha ni kidogo, afadhali tuwafunze wauguzi wa malaria na wa wazazi, wenye watu wengi.” Hao nao wahitajika sana. Lakini aliyejifunza kumgeuza mtoto mwenye misuli dhaifu atamgeuza na babu aliyepooza, na mama mwenye saratani, na kijana aliyevunjika uti wa mgongo kwa kuanguka katika mnazi. Kilichofunzwa kwa ajili ya kondoo mmoja huwafaa tisini na kenda.

La tatu, “Ni nani aliyetenda dhambi, huyu au wazazi wake?” Swali hili wanafunzi walimwuliza Bwana katika Yohana 9, naye alilikataa. Aliyekwisha kujibiwa na Bwana asirudi kuuliza mlangoni mwa mgonjwa.

Basi twawaomba nini? Kwenu ninyi wainjilisti na waalimu: andikeni katika kitabu cha mtaa majina ya wote wasioweza kutoka nyumbani, wakubwa kwa watoto, muwatembelee kwa siku iliyotajwa, wala msimwahidi mgonjwa jambo ambalo Mungu hakumwahidi. Kwenu wazee wa kanisa: tengeni sehemu ya sadaka ya mavuno kwa ajili ya karo ya muuguzi mmoja, na akiisha kuhitimu msimwache peke yake, maana mwenye kubeba vifo vingi huchoka, naye ahitaji mtu wa kumsikiliza. Kwenu wazazi mlio na binti au mwana mwenye subira na mikono ya upole: msimzuie kwa kusema kwamba kazi ya kuuguza wasiopona haina heshima. Nanyi vijana, yapimeni mambo haya. Wengi watataka kuwa Msamaria, maana jina lake lina sifa. Twatafuta wale watakaokubali kuwa mwenye nyumba ya wageni, ambaye hakusifiwa na mtu.

Sisi wa Mapinga tumeanza kwa jambo dogo. Kila Jumatano watu wawili kati yetu huzitembelea nyumba zilizoandikwa katika kitabu, na aliyekwenda huandika siku atakayorudi. Mama yule aliyefiwa na mwanawe ndiye anayetufundisha kumgeuza mgonjwa, kwa kuwa katika sisi sote yeye ndiye aliyefunzwa.

Msamaria aliahidi kwamba atarudi na kulipa kila kilichozidi. Bwana wetu naye ameahidi kurudi. Siku hiyo hatatuuliza tumewaponya wangapi, maana kuponya ni kwake. Atauliza juu ya mgonjwa aliyetuachia. Mungu atujalie siku hiyo tuweze kumwonyesha, bila kuona haya, mwili usio na kidonda.

Amina.